Tairi Lililosafiri Bila Pikipiki

Kalipa ilikuwa inaning'inia kwenye mpira wake wa mafuta kama jino linaloshikiliwa na uzi. Mama Spana aliiona hiyo kabla hajaiona damu. Ilikuwa Jumapili, saa moja na dakika tano asubuhi, hatua arobaini kabla ya mzunguko mkubwa wa barabara, na pikipiki nyekundu ya mbio ilikuwa imelala ubavu huku ikinuka petroli.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyeitwa Upepo na kila mtu isipokuwa mama yake mzazi, alikuwa ameshapakiwa kwenye gari la wagonjwa. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Kalipa ndicho kile kidude kinachobana diski ya breki. Hushikwa na bolti mbili tu. Upande wa kulia, zote mbili hazikuwepo.

"Nani alifanya matengenezo hapa?" aliuliza askari wa barabarani, kalamu mkononi.

"Yeye huyo," alijibu Mwenyekiti wa klabu ya pikipiki, akionyesha kwa kidevu. "Alibadilisha tairi la mbele Alhamisi."

"Nilibadilisha na nikakaza," Mama Spana alisema. "Kwa spana ya kipimo, ile inayolia 'tak' bolti ikifika. Nipisheni niitazame."

"Usiguse chochote, fundi," Mwenyekiti alidakia. "Itafungiwa ghala la klabu mpaka kikao cha Jumatano, saa kumi jioni. Huko utajieleza."

"Nijieleze kwa kitu nilichokatazwa kukiona?"

Askari aliandika maneno matatu, "uzembe wa fundi", akafunga daftari. Mwenyekiti akapanda pikipiki yake, ndugu pacha wa ile iliyoanguka, rangi tu tofauti. Barabara ilimtaka ageuze kushoto. Akashusha miguu yote miwili chini, akaisukuma pikipiki hatua kwa hatua kama mtoto anayejifunza baiskeli. Miaka miwili nyuma aliangukia upande huo, bega likachomoka. Na huyu ndiye aliyepewa jana yake tu cheti cha mkufunzi wa uendeshaji salama! Picha yake, suti ya ngozi na tabasamu la masikio mawili, ilikuwa imezunguka kwenye kundi la simu la klabu tangu Jumamosi saa tano asubuhi.

Hospitalini, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni pa wodi, mkoba ameushika mbele ya kifua kama ngao.

"Umekuja kukagua kazi yako?"

"Mama, wallahi nilikaza."

"Ulikaza nini? Mwanangu sasa ana vyuma vingi mguuni kuliko hiyo pikipiki. Nilisema mimi, mwanamke na spana wapi na wapi. Hutaingia humu."

"Mama, nimwone tu dakika moja."

"Hutaingia, na nyumbani kwangu usikanyage."

Alimpigia mumewe, dereva wa lori aliyekuwa safarini siku ya tatu. Mumewe alisema, "Vumilia." Mama Spana akakata simu kabla neno halijaisha.

Jumatatu alikwenda kituoni kuomba aione pikipiki; askari alimwambia arudi Jumanne. Jumanne askari alikuwa na dharura. Wateja watatu walikuja karakana kuchukua pikipiki zao, na mmoja, ambaye injini yake ilikuwa mezani vipande vipande, aliibeba kwenye toroli huku akiomba radhi kwa sauti ya chini. Mama Spana alibaki peke yake na spana zake ukutani, zimepangwa kwa ukubwa, zote safi, zote hazina kazi. Alitamani kumpiga mtu ngumi, ila hakujua nani.

Kichwani alikuwa na jina moja, Daktari wa Meno. Yeye ndiye katibu wa klabu na ndiye mwenye ufunguo wa pili wa ghala. Pikipiki yake ni ya tatu ya aina ile ile. Tena Ijumaa, saa kumi na moja jioni, Upepo alipokuwa akiiacha pikipiki ghalani kwa ajili ya msafara wa Jumapili, yeye na daktari walirushiana maneno mpaka wakashikana kola.

Jumatano saa sita mchana aliingia kliniki bila kugonga. Mgonjwa alikuwa kitini, mdomo wazi.

"Shemeji yangu alikuambia nini Ijumaa mpaka ukamshika kola?"

"Fundi, niko kazini."

"Mimi sina kazi tena. Jibu."

Daktari alishusha mikono. "Alisema pikipiki yangu inajua njia moja tu, ya kwenda kuoshwa."

Mgonjwa alicheka kwa koo, mdomo ukiwa bado wazi.

"Na wewe tulia," daktari alimfokea. "Fundi, niliudhika, ndiyo. Jumamosi saa mbili nilikwenda ghalani kufuta vumbi pikipiki yangu, nikaondoka saa mbili na nusu. Ya Upepo sikuigusa."

"Uliionaje?"

"Ilikuwa juu ya stendi ya mbele, imefunikwa turubai. Nikadhani ni wewe umerudi kumalizia kazi."

"Mimi? Stendi ya mbele?" Stendi ile huinua pua ya pikipiki ili gurudumu litoke. Haina matumizi mengine duniani. "Na siku zote hizi umenyamaza?"

"Hakuna aliyeniuliza! Mwenyekiti alisema ni kosa la fundi, basi."

"Leta ufunguo."

Ghalani alifika saa saba na nusu. Mlinzi, mzee wa kofia ya sufu, alikuwa anakula.

"Shikamoo, mzee. Jumamosi nani waliingia humu?"

"Marahaba. Jumamosi kulikuwa na joto."

"Nani waliingia, mzee wangu?"

"Daktari na kitambaa chake. Na Mwenyekiti, alfajiri saa kumi na mbili, akatoka na pikipiki yake. Akarudi saa sita. Alinipa soda."

"Na Upepo?"

"Huyo Jumamosi yuko zamu kiwandani, kutwa. Wewe si shemeji yake? Hujui?"

Mama Spana alimeza hasira, akafungua mlango. Pikipiki tatu, aina moja, zilisimama kwa mstari.

Alianza na kalipa ya kushoto ya pikipiki nyekundu, ile iliyobaki mahali pake. Alikuwa na mazoea yake, na wenzake walimcheka kwa hayo: kila bolti aliyoikaza aliichora mstari wa rangi ya kucha ya njano, kuanzia kichwa cha bolti hadi kwenye kalipa. Bolti ikisogea, mstari unakatika. Aliwasha tochi. Mistari yote miwili ilikuwa imekatika, lakini bolti hazikulegea. Zilikuwa zimepita alama, zimekazwa zaidi ya alivyoziacha yeye.

Akachukua kadi ya kazi mfukoni. Alhamisi mita ilisoma 18,412. Sasa ilisoma 18,421. Kilomita tisa: tatu kutoka karakana hadi ghalani, sita kutoka ghalani hadi pale Upepo alipoanguka. Hakuna aliyeiendesha Jumamosi. Hata mita moja.

Basi kwa nini ikutwe imeinuliwa pua? Aliinama kwenye tairi la mbele, lile jipya alilolivisha mwenyewe, akasogeza tochi. Tairi jipya huwa na mng'aro na vinywele vya mpira. Kilomita tisa za njia iliyonyooka hufuta mng'aro katikati tu. Hili upande wake wa kulia lilikuwa limekwanguka mpaka ukingoni kabisa, mpira umejiviringa vipunje vipunje, kama mtu amelilaza kwenye kona kwa saa nzima. Upande wa kushoto, vidole viwili kutoka ukingoni, mng'aro na vinywele vilikuwepo kama lilivyotoka dukani.

Alikwenda kwenye pikipiki ya Daktari. Tairi lilikuwa bapa katikati kama sahani, vinywele vya kingo zote mbili vipo. Huyu hajawahi kulala kona maishani mwake. Upepo alisema kweli.

Akahamia ya tatu. Akapiga magoti, akatazama muda mrefu. Kisha akatukana, tusi moja refu lenye vina, peke yake ghalani.

Saa kumi kamili kikao kilianza humo humo ghalani. Wapanda pikipiki ishirini, helmeti mapajani. Mama mkwe alikaa kiti cha mbele, mkoba kifuani.

"Jambo ni fupi," Mwenyekiti alisema. "Bolti hazikukazwa. Nani anabisha?"

"Mimi," Mama Spana alisema. "Tazama kushoto. Alama yangu imepitwa."

"Mtikisiko wa barabara."

"Mtikisiko hulegeza bolti, Mwenyekiti. Haukazi. Hizi zimekazwa na mtu mwenye spana ya kawaida na nguvu za kubahatisha. Alifungua kalipa zote mbili, akatoa gurudumu, akalirudisha. Kushoto akakaza kupita kiasi. Kulia akasahau."

Minong'ono ikapanda. Mwenyekiti akainua mkono. "Gurudumu la nini? Mita inaonyesha haikwenda popote."

"Umeshaisoma mita?" Akamtazama. "Vizuri. Pikipiki haikwenda. Tairi ndilo lililokwenda. Lilivalishwa pikipiki nyingine ya aina hii hii."

Macho yakamgeukia Daktari wa Meno. Daktari akasimama, jasho usoni. "Sikuondoa pikipiki yangu Jumamosi, mlinzi shahidi!"

"Kaa, Daktari. Wewe huwezi kukwangua tairi hivi hata tukikulipa." Watu wakacheka, kicheko kikafa haraka. "Kila mpanda pikipiki ana kona anayoiogopa, na tairi halifichi. Aliyelitumia hili analala kulia kama simba na kushoto anatembea kama mgonjwa. Nendeni mkaangalie tairi la Mwenyekiti. Sura ni hiyo hiyo, ila lake ni la zamani, limekwisha mpaka alama ya mwisho. Nilimwambia mwezi uliopita, agiza jipya."

"Nimeagiza, halijafika," Mwenyekiti alisema.

"Halijafika. Sasa nieleze. Jumamosi, kwenye mtihani wa ukufunzi, wanakagua matairi kabla hujaingia uwanjani. Lako hili lilipitaje?"

Mwenyekiti aliligeukia tairi lake kana kwamba ndilo litakalomtetea.

"Nililiazima," alisema mwishowe. "Nililiazima tu. Asubuhi ile tu. Nilikuwa nimengoja mtihani ule mwaka mzima."

"Na bolti?"

"Nilikuwa nafunga. Nimemaliza kushoto, za kulia nimeziingiza kwa vidole, simu ikaita. Watu wananipongeza kwa cheti. Nikatoka nje kuongea. Nikarudi, nikachukua helmeti, nikafunga mlango."

"Ulijua lini?"

"Jumapili. Nilipoiona kalipa inaning'inia."

"Ukasema 'yeye huyo'."

"Ningesema nini? Cheti changu ni cha usalama!"

Siku nne! Siku nne amezungushwa, amefungiwa mlango wa wodi, wateja wamebeba injini zao kwa toroli, na jibu lilikuwa kwenye kichwa hiki kimoja muda wote. Mama Spana alichukua spana yake ya kipimo mezani, akaisukumiza mikononi mwa Mwenyekiti.

"Siku ile ulitoa magurudumu mawili. La kwake na la kwako. La kwako ulilikaza?"

"La kwangu nilikaza. Lazima nilikaza."

"Kalipa ya kulia. Pima, mbele ya watu."

Mwenyekiti alipiga magoti. Aliweka spana kwenye bolti ya kwanza ya pikipiki yake, ile aliyoipanda tangu Jumamosi. Alivuta. Bolti ikazunguka. Ikaendelea kuzunguka, robo, nusu, laini kama kizibo cha chupa, kisha ndipo ghala zima likasikia:

Tak.

Mwenyekiti aliondoa spana kwenye bolti, akaitazama.

"Umeisikia?" Mama Spana alisema. "Ndiyo sauti uliyoiacha Jumamosi. Malizia ya pili, halafu twende kwa askari akafute maneno yake matatu."

Nyuma yake kiti kiliburuzwa. Mama mkwe alikuwa amesimama. Mkoba, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, ulikuwa umeshuka mkononi.

"Kwa askari mtakwenda kesho," alisema, bila kumtazama usoni. "Saa ya kuona wagonjwa inakwisha saa kumi na mbili. Na yule mtoto anakuulizia wewe tu, mpaka nimechoka."

Mama Spana alifuta mikono kwenye ovaroli, akasimama hapo hapo.

"Mama, kwanza niambie kwamba nilikaza."

Mama mkwe alivuta pumzi ndefu, ghala zima likimsikiliza.

"Ulikaza," alisema. "Haya, twende."