Namba Nilizoziandika Bila Kutazama

Kila asubuhi, wodi ikishapigwa deki, kazi yangu ilikuwa moja: kusoma kikombe cha mdogo wangu. Alikuwa na miezi mitano, na maji yalikuwa yamejaa kichwani mwake mpaka ngozi ya paji la uso ikang'aa. Baba alimwita Waziri, eti kwa sababu yeye hulala tu huku wengine wakihangaika. Mrija mwembamba ulitoka kichwani mwake, ukapita kwenye kibanio cha plastiki, ukadondosha maji hayo kwenye kikombe chenye mistari kilichoning'inia kando ya kitanda.

Muuguzi alikuwa mmoja kwa watoto ishirini na wawili, hivyo ndugu wa wagonjwa tulifundishwa kusoma mistari na kuandika namba kila saa. Madaktari walitaka kujua maji yanatoka kwa kasi gani kabla ya kumfanyia upasuaji. Mama haoni vizuri vitu vidogo, kwa hiyo karatasi nilikabidhiwa mimi, binti wa miaka kumi na miwili niliyejiona bingwa wa hesabu.

Kikombe kilimwagwa kila siku saa kumi na mbili asubuhi, na kwa siku mbili maji yalipanda mililita kumi kila saa. Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, niliandika thelathini. Muuguzi akaja kubadilisha shuka, akafunga kibanio ili mtoto ainuliwe salama, kisha akaitwa mbio kwenye kitanda kingine. Mama alikwenda uani kufua. Mimi nilikuwa nimeazima kitabu cha hadithi, na kilikuwa kimeninogea. Saa nne ilipofika nikaandika arobaini bila kutazama kikombe. Saa tano, hamsini. Jibu nalijua, nilijiambia, ya nini kujisumbua?

Kabla ya saa sita Waziri alitapika mara mbili. Mama aliporudi alimwita, akamtikisa mguu, lakini hakufumbua macho. Muuguzi alimpigia simu daktari, aliyekuwa chumba cha upasuaji, naye akataka asomewe karatasi yangu. Nikamsikia muuguzi akisema thelathini, arobaini, hamsini, maji yanatoka vizuri. Basi daktari akaagiza mtoto apimwe damu, huenda ana homa nyingine.

Niligeuka nikatazama kikombe. Thelathini. Nilimwogopa mama, nilimwogopa muuguzi, nikaona aibu mbele ya wodi nzima. Mdogo wangu akavuta pumzi, akakawia sana kuvuta nyingine.

"Nesi," nikasema, "namba hizo mbili za mwisho ni za uongo. Sikutazama."

Hakunikaripia. Alifuatisha mrija kwa vidole mpaka kwenye kibanio, mkono wake ukasimama hapo. Akamwambia daktari kwenye simu, kisha akakifungua polepole kama alivyoelekezwa. Matone yakaanza kushuka. Mama alinitazama mara moja tu, akageuza uso. Afadhali angenichapa.

Saa tisa Waziri alilia, kilio chembamba kilichokauka, na mama naye akalia. Muuguzi akaja kukaa karibu yangu.

"Kukifunga nilikifunga mimi, nikasahau kukifungua," alisema. "Kosa langu nimeshamweleza daktari. Lakini hiyo karatasi, mwanangu, ipo kwa sababu sisi watu wazima tunasahau. Ungeandika thelathini tena saa nne, ningeshtuka. Andika ulichokiona. Kama hukuona, acha wazi, mtu atauliza."

Waziri alifanyiwa upasuaji wiki mbili baadaye. Sasa ana miaka minne, anakimbia, anavunja vikombe vya watu. Ila jicho lake la kushoto haliioni mikono yangu ninapomrushia mpira kutoka upande huo.

Mwaka jana nilijipa moyo nikamuuliza daktari kama ni kwa sababu ya saa zile. Alifungua faili, akasoma karatasi yangu kwa muda mrefu.

"Sijui," alinijibu. "Na nisilolijua sitakuambia, hata kama lingekufariji."