Ramani ya Pangoni

Kila alasiri, akishatoka shule na kumaliza chai yake akiwa bado amesimama, Chapuchapu alichukua simu ya kupimia mtandao kutoka kabatini na kuanza kuzunguka jengo. Alianzia ghorofa ya juu kabisa na kushuka. Kwenye kila mlango alisimama kidogo, akabonyeza namba ya chumba kwenye kioo cha simu, akangoja mlio, akasonga mbele.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na majirani, kwa sababu alikuwa wa kwanza kumaliza hesabu, wa kwanza kumaliza kula na wa kwanza kumaliza kudeki, hata kama pembe za chumba zilibaki na vumbi vilevile. "Huyu mwanangu," mama yake alipenda kusema, "hata ndoto huota nusu, akaamka."

Simu ile ilikuwa ya shangazi yake, dada wa baba yake, mhandisi wa mawasiliano. Yeye na wenzake wa chuo walikuwa wakifanya utafiti juu ya mtandao mpya wa simu, ule utakaokuja baada ya huu tunaoutumia, na walilichagua jengo lao kwa majaribio kwa sababu lilikuwa la zamani, lenye kuta nene na watu wengi. Siku ya kwanza shangazi alimkalisha Chapuchapu kwenye ngazi akamweleza.

"Haya mawimbi mapya yana mbio za ajabu. Yanaweza kubeba picha, sauti, hata mapigo ya moyo wa mgonjwa, yakafika kabla hujapepesa jicho. Lakini mbele ya ukuta wa zege ni mazuzu. Yanagonga, yanarudi. Mvua yanaiogopa. Hata mtu akisimama mbele yake, yanababaika."

"Sasa yana faida gani?" Chapuchapu aliuliza.

Shangazi alicheka. "Ndilo swali linalotunyima usingizi. Dawa yake ni kuweka antena ndogondogo mahali pengi. Ila antena ni ghali na zinakula umeme, kwa hiyo hatuwezi kuzimwaga kama mbegu. Lazima tujue kila chumba kinapata nini. Ndani ya jengo simu haiwezi kujua iko chumba kipi. Wewe ndiye utakayeiambia. Ukiiambia uko hapa, itaamini uko hapa. Na mimi nitaamini."

"Sawa, shangazi."

"Hadi chumba cha mwisho cha Pangoni. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Pangoni ndipo palipokuwa na shida. Wakazi walipaita hivyo kwa sababu vyumba vile vilikuwa chini ya ardhi, vimepangwa kwenye korido nyembamba iliyopinda mara mbili kabla ya kufika mwisho. Taa zilikuwa zimekufa siku nyingi. Mvua ikinyesha, maji yalituama sakafuni, na mabomba ya maji machafu yaliyopita darini yalidondosha maji juu ya vichwa vya watu. Simu za kawaida hazikushika kabisa huko, na mtu akitaka kuongea ilibidi apande hadi mlango mkuu.

Siku ya kwanza Chapuchapu alijikaza. Aliziba pua, akainua sketi, akaenda hadi kona ya kwanza. Hapo kitu kilimpitia miguuni, laini na cha baridi, akapiga kelele na kukimbia. Kesho yake aliishia kwenye ngazi ya juu, pale ambapo mwanga wa mlango mkuu ulikuwa bado unafika. Alitazama gizani, akatazama simu. Kisha akabonyeza namba za vyumba vyote vya Pangoni, kimoja baada ya kingine, bila kuinua mguu. Simu ikalia kila mara, na kila chumba kikageuka kijani, rangi ya mtandao mzuri.

"Ni palepale tu," alijiambia. "Hatua chache zina tofauti gani?"

Akafanya hivyo kila siku, mpaka kazi ikaisha. Shangazi alipoitazama ramani kwenye kompyuta aliachia tabasamu la mshangao. "Pangoni kote ni kijani! Sikutegemea. Basi antena ya chini tutaipeleka ghorofa ya nne, kuna vyumba vinalia njaa kule. Ahsante, mwanangu. Umetuokolea kazi." Chapuchapu alisifiwa mbele ya baba na mama. Alitazama vidole vyake vya miguu.

Mtandao ulipowashwa, watafiti waliwagawia wazee wa jengo kidude cha kuvaa mkononi, mfano wa saa, chenye kitufe chekundu. Mzee akizidiwa anabonyeza, na kengele inalia kwa msimamizi wa jengo na kwenye zahanati ya jirani. Mmoja wa waliopewa alikuwa Babu Fundi. Huyu alikuwa mshonaji aliyekaa na cherehani yake mlangoni mwa jengo tangu asubuhi mpaka jua likikaribia kuzama, akishona sare za shule na kuwatania wapita njia. Nyumbani kwake kulikuwa Pangoni, chumba cha mwisho, alikoishi na mjukuu wake Kidoti. Huyu waliyemwita Kidoti kwa doa jeusi shavuni alikaa dawati moja na Chapuchapu.

Babu Fundi alikijaribu kidude palepale mlangoni. Kengele ikalia kwa msimamizi, watu wakapiga makofi. "Sasa nikifa," babu alisema, "nitawapigia kengele mje na ubani!" Kila mtu akacheka. Chapuchapu naye alicheka. Alitaka kusema kwamba kule chini hakupima, akaona aibu.

Haikupita muda mrefu. Siku moja mvua kubwa ilinyesha mchana, na Babu Fundi akafunika cherehani yake mapema na kuteremka chumbani. Kidoti alikuwa shuleni kwa mazoezi ya kwaya. Aliporudi jioni, nguo zikiwa zimemlowa, alimkuta babu yake sakafuni kwenye maji, mdomo umepinda upande, jicho moja limefumba. Mkono wake mmoja ulikuwa hausogei. Kidole cha mkono wa pili kilikuwa bado kimekandamiza kitufe chekundu.

Kidoti alipanda ngazi akipiga mayowe. Wanaume wakamtoa babu kwa shuka, gari likapatikana, wakampeleka hospitali. Ilikuwa kiharusi. Daktari alimwambia mama yake Chapuchapu, aliyewasindikiza, maneno ambayo mama aliyarudia nyumbani akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili: "Mngemleta mapema, pengine tungeuokoa ule mkono na ulimi. Amekaa pale chini saa nyingi mno."

Kesho yake shangazi alifika, macho mekundu. Watu walikusanyika mlangoni, karibu na cherehani iliyofunikwa. Msimamizi wa jengo aliapa kwamba kengele haikulia, na watu wa zahanati nao walisema hawakusikia kitu. Shangazi alifungua kompyuta yake akakunja uso.

"Kidude kizima," alisema polepole. "Lakini naona kila mchana kinaonekana vizuri, na kila jioni kinapotea mpaka asubuhi. Jana kilipotea mvua ilipoanza. Na ramani inaonyesha mtandao Pangoni ni mzuri. Basi... Huenda betri ilikuwa inaisha. Nani alikuwa anakichaji?"

Macho yote yalimgeukia Kidoti.

"Mimi," Kidoti alisema. "Nilikichaji. Kila asubuhi kabla ya shule, kwa msimamizi, maana kwetu umeme hukatika."

"Wengi huchaji kwangu asubuhi, sikumbuki. Una hakika?" msimamizi aliuliza. "Watoto wa siku hizi mna mambo mengi. Kwaya, michezo..."

"Nilikichaji!"

"Kidude hakiwezi kusema uongo, binti," mama mmoja alisema kwa sauti ya kusikitika, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko hasira. "Usiogope. Sema tu kama ulisahau."

Kidoti alitazama watu wale mmoja mmoja, kama anayetafuta mlango. Kisha Chapuchapu alisikia rafiki yake akisema, kwa sauti ndogo ya mtu aliyeanza kujitilia shaka mwenyewe: "Labda... labda jana nilisahau."

Chapuchapu alijua Kidoti hakusahau. Asubuhi ya jana walikuwa pamoja kwa msimamizi, wakisubiri taa ya kijani iwake. Kama angenyamaza, jambo lingeishia pale. Watu wangemhurumia Kidoti, wangemsamehe, na Kidoti angebeba mzigo ule maisha yake yote.

"Hakusahau," Chapuchapu alisema.

Hakuna aliyemsikia. Alisema tena, safari hii kwa kupiga kelele. "Hakusahau! Ni mimi! Sikufika Pangoni!"

Shangazi aligeuka. "Unasemaje?"

"Sikufika. Nilisimama kwenye ngazi, nikabonyeza namba zote nikiwa juu. Kila siku. Kule chini sijui kuna nini. Hakuna aliyepima."

Shangazi hakumkaripia. Alikaa juu ya ngazi taratibu, akaanza kusogeza mistari kwenye kompyuta. "Anashuka nyumbani, kinapotea," alinong'ona. "Anapanda kazini, kinaonekana. Haikuwa betri. Ilikuwa mbele ya macho yangu, na mimi nikaamini ramani." Alishika uso wake. Kisha akainuka, akaenda kwa Kidoti, akapiga magoti mbele yake. "Mwanangu, nimekusingizia. Nisamehe."

Kidoti alikuwa akimtazama Chapuchapu.

Jioni hiyo Chapuchapu alikwenda hospitali na mama yake. Babu Fundi alilala kando ya dirisha, mkono wa kulia umelazwa juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine. Alitaka kusema neno, ikatoka sauti tu. Kidoti alimfuta mate kwa kitambaa.

"Kidoti, nisamehe," Chapuchapu alisema.

"Ulidai unapita mlangoni kwetu kila siku," Kidoti alisema bila kugeuka. "Ulikuwa ukiniambia unatoka kwetu. Nikakuuliza kwa nini hukubisha hodi, ukasema una haraka."

"Niliogopa kule chini."

"Sisi tunalala kule chini." Kisha akasema, "Nenda. Sitaki kukuona leo."

Mama alimshika Chapuchapu begani wakatoka.

Siku iliyofuata mvua ilikuwa imekatika. Shangazi alikuja na wenzake, buti za mpira na tochi. Alimpa Chapuchapu jozi moja. Hakumlazimisha. Chapuchapu alivaa, akapiga moyo konde, akashuka wa kwanza. Kwenye ngazi ya juu simu ilionyesha kijani. Ngazi chache chini ikawa njano. Kona ya kwanza, nyekundu. Kona ya pili simu haikuonyesha chochote. Alitembea ndani ya maji mpaka chumba cha mwisho, akasimama mlangoni mwa Babu Fundi. Ndani aliona kitanda, jiko, na sare ya shule iliyoshonwa nusu ikiwa imetundikwa msumarini.

"Hakuna mtandao!" aliita, sauti ikipinda na korido. "Chumba cha mwisho, hakuna kabisa!"

"Bonyeza hivyo hivyo!" shangazi aliitikia. "Ndio ukweli tunaoutaka!"

Antena mbili zilifungwa Pangoni, moja kwenye kila kona. Watafiti waliandika barua kwa mwenye jengo, na baada ya vuta nikuvute nyingi taa zikarudishwa na mabomba yakazibwa. Siku ya kujaribu, Kidoti mwenyewe alishuka na kidude mkononi. Watu walisubiri juu. Kengele ililia kwa msimamizi kwa ukali hata akaruka kitini. Hakuna aliyepiga makofi.

Babu Fundi alirudi nyumbani akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Mkono haukurudi, wala maneno. Alihamishiwa chumba cha ghorofa ya kwanza alichobadilishana na kijana mmoja, na mchana alikaa mlangoni kama zamani, akitazama watu wakipita. Kidoti na Chapuchapu walirudi kukaa dawati moja, kwa kuwa mwalimu hakuwa na lingine. Walisemezana mambo ya masomo tu.

Jioni moja shangazi alimkuta Chapuchapu ameketi peke yake kwenye ngazi, akakaa kando yake.

"Bado hajanisamehe," Chapuchapu alisema.

"Huenda akachelewa. Huenda asisamehe kabisa. Msamaha ni mali yake, huwezi kumdai. Mimi pia nina changu. Nilimtuma mtoto peke yake mahali ambapo mimi mwenyewe sikuwa nimekanyaga, halafu nikafurahia majibu kwa sababu yalinirahisishia. Nimeyaandika hayo kwenye ripoti, wakubwa wangu wayasome."

"Watakufukuza?"

"Sijui." Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga. "Sikiliza, mwanangu. Kila mkutano tunaokaa, tunaorodhesha matatizo ya mtandao ujao. Kuta, umeme, gharama, umbali. Yote hayo yana ufumbuzi, tukivumilia. Lakini mtu akisema amefika mahali ambako hakufika, hakuna mashine inayoweza kusahihisha hilo, kwa sababu mashine imejengwa juu ya neno lake. Kazi ya kuchosha, kazi isiyoonekana na mtu, ndiyo hiyo hiyo ambayo maisha ya mtu mwingine yameegemea. Ukishindwa, sema umeshindwa. Ungeniambia unaogopa giza, ningekuletea tochi."

Chapuchapu aliinamisha kichwa. Machozi yalimdondoka magotini, na shangazi hakumzuia.

"Kesho tunaanza jengo la pili, la ng'ambo ya barabara," shangazi alisema alipoinuka. "Nalo lina vyumba vya chini. Nahitaji watu wawili wa kupima, mmoja ashike simu na mwingine ashike tochi. Utakuja?"

"Nitakuja."

"Basi tafuta wa pili."

Chapuchapu alikaa kidogo, akafuta uso. Kisha akapanda ngazi taratibu, moja baada ya moja, mpaka ghorofa ya kwanza, akasimama mbele ya mlango wa Babu Fundi na Kidoti, akabisha hodi.