Nyaya za Babu

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika wateja, na mtangazaji wa redio, ndani ya gauni lake la njano, alikuwa amemkalia kooni muuzaji.

"Betri uliyoniuzia juzi imekufa! Haikumaliza hata salamu za asubuhi."

Mwanamume aliyekumbatia mzingo wa waya wa shaba akageuka. "Dada, hebu rudia."

"Kwani wewe ndiye mwenye duka?"

"La. Ila sauti hiyo huniamsha kila siku tangu nihamie hapa. Nilidhani mwenyewe ni bibi mwenye wajukuu."

"Na mimi nilidhani wasikilizaji wangu wana adabu!"

Walicheka wote wawili. Alikuwa fundi mitambo, ameletwa kuukagua mnara wa redio ileile. Haikupita wiki, simu zao zikawa hazipoi.

Redio yenyewe ilikuwa imepita mikono mingi. Babu yake mtangazaji ndiye aliyeianzisha. Alisimamisha mnara, akafukia nyaya za shaba uwanjani kuuzunguka, maana bila nyaya hizo ardhini mawimbi ya kati ya redio hayafiki mbali. Alipofariki, ami akaiuza kwa mwenye kiwanda cha sabuni, naye wa sabuni akamwuzia tajiri wa malori. Kila mnunuzi alipaka jina lake ukutani juu ya jina la mwenzake. Mtangazaji alibaki palepale, kama paka wa nyumba. Sasa tajiri alikuwa ametamka: redio isiyosikika ng'ambo ya mlima ni kiwanja tu, na mwisho wa mwezi angewauzia wajenzi.

Alasiri moja mtangazaji alimkuta fundi uwanjani, suruali imejaa tope, rundo la nyaya kuukuu miguuni pake.

"Unafukua nyaya za babu yangu?"

"Mpenzi, ngoja nikueleze..."

"Kumbe ulitumwa na tajiri! Kweli kikulacho ki nguoni mwako."

Aliondoka. Fundi alipiga simu mpaka akachoka, haikupokelewa. Mtangazaji alilia akavimba macho, lakini asubuhi akaingia studio akasoma salamu bila kutetereka. Kazi ni kazi.

Mara simu ya studio ikalia.

"We mtoto, umeingiaje jikoni kwangu?"

Alikuwa shangazi yake, wa ng'ambo ya mlima.

"Shangazi! Unanisikia?"

"Kama umesimama hapa na mwiko! Tangu baba afariki sijaipata redio hii."

Akaweka wimbo, akatoka mbio. Fundi alikuwa akisawazisha udongo.

"Zilikuwa zimeoza," alisema bila kuinua kichwa. "Nimelaza mpya usiku kucha."

"Na tajiri?"

"Yuko ng'ambo ya mlima na lori lake, redio imewashwa. Amenipigia sasa hivi. Hauzi."

Mtangazaji alicheka kwa furaha, kisha akainamisha uso kwa aibu.

"Nisamehe, mpenzi. Nimezoea kusikilizwa, nikashindwa kukusikiliza."

"Nitakusamehe ukinipeleka kwa bibi yako aliyekulea."

"Kufanya nini?"

"Kuposa."

"Mh! Umeshaamua peke yako?"

"Naomba, bibie. Naomba."

Alimtazama, tope mpaka kwenye nyusi. "Basi sikia. Redio hii hubadilisha wenyewe. Mimi sibadilishi."

"Nami sikuja kununua," akajibu fundi. "Nimekuja kukaa."

Mtangazaji akamkumbatia hivyo hivyo na tope lake, gauni la njano likaharibika, asijali. Wimbo ulikuwa umekwisha kitambo, na ng'ambo ya mlima shangazi alikuwa akiigongagonga redio yake, akidhani imeharibika tena.