Neno Ambalo Kinenea Hakikulitamka

Kinywa cha Lugano kilikuwa kimejaa uji, midomo ameibana, lakini sauti yake ilisikika wazi pale mezani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kulala?"

"Nzuri, mama. Ahsante."

Sauti ilitoka shingoni. Ilitoka kwenye kinenea, ukanda mwembamba uliopita nyuma ya sikio na kushuka hadi kooni, ukasoma mawimbi ya ubongo na mtetemo wa mishipa ya fahamu, ukavigeuza kuwa maneno na kuyatamka kwa sauti ya mtoto mwenyewe. Sauti hiyo wahandisi waliifuma kutokana na vilio vyake na vicheko vyake, kwa sababu maneno hakuwa nayo. Lugano alikuwa na miaka sita, ana usonji, na tangu azaliwe hakuwa ametamka hata "maji".

Ilikuwa wiki ya saba. Mama yake, Tumpe, alikuwa fundi wa betri mwenye kibanda pale sokoni Mwanjelwa, na ufundi wake aliuokota mwenyewe kwenye majalala ya roboti mbovu. Siku ile ya kwanza alipoitwa mama alijifungia bafuni akalia mpaka mama mkwe wake, Bibi Sekela, akaja kugonga mlango na kuuliza kama kuna msiba.

Mbeya ya miaka hiyo ilikuwa jiji la mvuke. Joto la chini ya milima liliendesha kila kitu, kuanzia magari yaliyoning'inia kwenye nyaya hadi roboti wafagiaji waliokuwa wakigombana na kuku wa watu. Lakini mwanamke mwenye mtoto kama Lugano alikuwa anatazamwa vilevile kama alivyotazamwa zamani. Na Tumpe alikuwa hasahau. Alimkumbuka jirani aliyesema mtoto karogwa. Alimkumbuka mtaalamu aliyesema kosa ni la mama, hakumkumbatia vya kutosha. Aliukumbuka mradi wa miwani ya kufundishia, ukafuata mradi wa roboti mlezi, na kila mradi ulikuja na fulana, na picha za wakubwa wameinama wakitabasamu karibu na mtoto, kisha ukapotea na hakuna aliyekuja kusema umekwenda wapi. Fulana zilibaki. Bibi Sekela alikuwa akizitumia kudeki sakafu.

Kitu kilichodumu kilikuwa kimoja tu, darasa la Mwalimu Atupele nyuma ya shule ya msingi. Watoto tisa, mwalimu mmoja, daftari moja gumu. Mwalimu alimtazama mtoto mpaka akamwelewa, ndipo akaandika. Kwenye ukurasa wa Lugano aliandika kwamba akifungua na kufunga bomba, amefurahi. Akizunguka meza, anataka kutoka nje. Akikandamiza kidevu juu ya kiganja chako, anaumwa mahali.

Kinenea kilipoletwa na Mpango wa Sauti, darasa likafungwa. Watoto wanaongea sasa, wazazi waliambiwa, wakae na wenzao. Zikaletwa karatasi za ridhaa na Tumpe akatia saini. Mwalimu Atupele alimkabidhi daftari mlangoni, akafunga kufuli, akaondoka na mfuko wake wa chaki.

Jumanne ya wiki hiyo ya saba Lugano hakumaliza ndizi zake. Tumpe akamuuliza habari ya tumbo. Kinenea kikasema nzuri, mama. Akamuuliza kama anaumwa. Kikasema hapana, mama, ahsante. Jumatano mtoto alikaa kwenye kiti kutwa nzima, mikono imetulia mapajani, kama mgeni anayesubiri kuitwa ofisini. Watu wa Mpango walikuwa wameeleza kwamba kinenea hutoa pia wimbi la kutuliza, linalopunguza kelele na kurusharusha mikono. Baba Lugano, Ambakisye, alirudi kutoka mtambo wa mvuke, akamtazama mwanawe, akasema jamani, huyu sasa ni mstaarabu kuliko mimi.

Bibi Sekela hakucheka. Alisema mtoto ana joto, tena macho yake hayapo pale alipo.

"Mama, si umemsikia?" Ambakisye alisema. "Mtoto kasema mwenyewe mzima. Miaka sita tumeomba aseme. Leo kasema, tunambishia?"

Hakuna aliyembishia. Ndivyo ilivyokuwa, na Tumpe hatajisamehe kwa hilo.

Alhamisi mchana Bibi alimpigia simu kibandani, akamwambia aache betri zake arudi nyumbani. Lugano alikuwa amelala upande mmoja, magoti kifuani, ngozi imekuwa kama nta. Tumpe akapiga magoti. "Habari yako, mwanangu?"

"Nzuri, mama."

"Mtoe chuma hicho," Bibi alisema.

Tumpe akabonyeza kifungo, ukanda ukaachia. Kwa pumzi moja hakikutokea kitu. Kisha Lugano alifungua kinywa chake mwenyewe na kikatoka kilio ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia kwa wiki saba, kilio kilichokuwa kimerundikana siku tatu. Akaukamata mkono wa mama yake, akaugeuza kiganja juu, akakandamiza kidevu. Alikandamiza kwa nguvu zote alizobakiwa nazo mpaka kiganja kikabaki na alama nyekundu.

Hospitalini mikono ya roboti ya upasuaji ilifanya kazi kwa saa mbili chini ya macho ya daktari mmoja mwanamke, mfupi, mwenye sauti ya kuchoka. Alipotoka alisema kidole tumbo kilikuwa kimepasuka na usaha umesambaa. Wangechelewa mpaka jioni, asingekuwa na mtu wa kumpasua. Akauliza maumivu yalianza lini.

"Alisema nzuri," Tumpe akajibu.

Daktari akasubiri, akidhani kuna kinachofuata. Hakikufuata.

Lugano alipoanza kunywa maji kwa kijiko, Tumpe alikipeleka kinenea kibandani, akakifungua kwa bisibisi kama anavyofungua kila kitu. Ndani kulikuwa na hifadhi mbili. Moja iliweka yale yaliyotumwa na mishipa, nyingine yale yaliyosemwa na mashine. Akazitandaza kwenye kioo cha kupimia. Kuanzia Jumanne asubuhi mstari wa kwanza ulipanda ukabaki juu, siku tatu, bila kushuka hata mara moja. Chini yake, kwenye mstari wa pili, safu ya maneno. Nzuri. Nzuri. Hapana, ahsante. Nzuri, mama.

Akayatazama mpaka betri ya kioo ikaisha. Kisha akavua aproni akaenda Kituo cha Sauti.

Mhandisi aliyempokea, Mwasomola, alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio uliomtia Tumpe baridi. Hakukana lolote. Alieleza kwamba mawimbi ya mtoto mara nyingi hayatoshi kujenga sentensi, kwa hiyo mashine hujazia. Hujazia kwa mazungumzo ya nyumbani kwake. Ndiyo maana waliweka kinasa sauti sebuleni siku thelathini, ili mtoto aongee kama mtoto wa nyumba ile.

"Katika siku hizo mliulizana habari mara mia nne na kumi na mbili," alisema. "Mara zote jibu lilikuwa nzuri, au salama, au sijambo. Mashine imejifunza kwenu, mama."

Tumpe akakumbuka siku hizo thelathini. Bibi Sekela alikuwa na nyonga iliyoteguka, na kila asubuhi alijibu nzuri, mkwe wangu, anameza mate, kisha ndipo anasema: ila nyonga hii haijaniacha nilale. Ambakisye alirudi siku moja mkono umebabuka kwa mvuke. Alisimama mlangoni akajibu habari za kazi ni nzuri tu, akakaa, akavua kiatu, akasema: ila nimeungua. Nani asiyejua hivyo? Hata msibani unajibu nzuri kwanza. Habari yenyewe inakuja baadaye, kwenye ila.

"Na ila?" akauliza. "Mliiweka wapi?"

Mwasomola akatazama kioo chake. Alisema mashine huchukua jibu mpaka penye kituo cha kwanza. Kinachofuata baada ya ukimya huhesabiwa kuwa mazungumzo mengine, nacho hukatwa.

"Na kidevu? Mwanangu akiumwa anasema kwa kidevu. Kwa nini hakufanya hivyo siku zote tatu?"

Kijana akageuza kioo upande wake. Ilikuwa ile fomu ya ridhaa, sehemu ya tabia ambazo mzazi angependa zipungue. Chini yake, kwa mwandiko wake Tumpe mwenyewe: kelele, kurusha mikono, kung'ang'ania mikono ya watu. Mashine ilikuwa imetii.

Aliuliza watoto waliovalishwa ni wangapi. Elfu mbili na mia tatu, mkoa mzima. Aliuliza ripoti ya Mpango inasemaje. Inasema karibu wote, wakiulizwa hali, hujibu nzuri. Kwa ripoti hiyo, Mwasomola alisema taratibu, mikoa mingine nayo imeanza kufunga yale madarasa ya nyuma.

Jumamosi Mpango uliwaita wazazi ukumbini kuwagawia fulana. Tumpe alikwenda na Ambakisye, na daftari la Mwalimu Atupele kwapani; Lugano walimwacha hospitalini na Bibi. Watoto walikuwa wamekaa na wazazi wao, mikono mapajani, kimya, safu kwa safu. Mkurugenzi wa Mpango akapanda jukwaani, akatabasamu.

"Habari zenu, wazazi?"

"Nzuri," ukumbi ukaitika kwa mpigo mmoja, na vinenea vikaitika pamoja nao.

Tumpe akasimama. 

"Ila," alisema.

Mkurugenzi akangoja, tabasamu likiwa palepale. Tumpe akainua kiganja chenye alama ya kidevu, iliyokuwa sasa imegeuka zambarau, akawaambia imetoka wapi. Hakupamba. Alitaja Jumanne, Jumatano na Alhamisi, alichouliza yeye na kilichojibiwa. Alitaja saini yake na mwandiko wake. Mtu wa Mpango akaja kumshika mkono amkalishe. Ambakisye akasimama katikati yao, akabaki amesimama.

Safu ya mbele aliketi mwanamke mwenye binti wa miaka kama mitano, nywele zimesukwa vizuri. Aligeuka kumtazama Tumpe, kisha akamtazama mwanawe, muda mrefu.

"Wa kwangu alikuwa anang'ata kifundo cha mkono," alisema, kama anajiambia mwenyewe. "Nikaandika aache."

Akamwinamia mtoto. "Habari yako, mwanangu?"

"Nzuri, mama. Ahsante."

Vidole vya yule mwanamke vikatafuta kifungo nyuma ya sikio. Vikakikosa, vikakipata. Ukanda ukaachia, na ukumbini kote kila mzazi mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye shingo ya mwanawe, akisubiri kusikia.