Ujumbe Uliosomwa Neno kwa Neno

Dominika alikuwa fundi cherehani mtaa wa Malangali, mjini Sumbawanga. Kila asubuhi alikoroga uji wa ulezi, akamwandaa binti yake Kristiana kwenda shule, kisha akakaa barazani kushona. Mume wake, Isdori, aliendesha lori la mahindi kwenda Zambia. Kila akivuka mpaka alipiga simu nyumbani.

Jioni mbili kwa wiki Dominika alikwenda kwa jirani yake, Mwalimu Munira. Mwalimu huyo alikuwa amestaafu. Sasa aliwafundisha Kiingereza wafanyabiashara wa mpakani, sebuleni kwake. Dominika aliishia darasa la saba. Lakini daftari lake lilikuwa limejaa maneno, naye aliona fahari.

Mwezi wa Julai, baridi ilipokuwa kali, Isdori aliugua njiani. Utumbo ulijisokota. Akalazwa hospitali huko Kitwe, Zambia, na mwenzake akaendelea na mzigo. Siku ya pili, Jumatatu, ujumbe wa muuguzi uliingia kwenye simu ya Dominika:

"We are very sorry. The operation was long and your husband did not make it."

Dominika alifungua daftari. Sorry, samahani. Operation, upasuaji. Long, mrefu. Make, kufanya. Akayaunganisha maneno moja moja: samahani sana, upasuaji ulikuwa mrefu, na mume wako hakuufanya.

Akashusha pumzi. Kumbe upasuaji ni wa muda mrefu, wameuahirisha, bado hajapasuliwa! Alijaribu simu ya Isdori. Ilikuwa imezimwa. Akadhani chaji imekwisha. Akampigia baba mkwe wake, mzee Kasimiri, kule Kasense.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Hajapasuliwa bado. Hospitali wameomba radhi kwa kuchelewa."

"Ashukuriwe Mungu. Wasimpasue kwa haraka haraka."

Kesho yake mzee alikwenda misa ya asubuhi kushukuru. Akawaambia majirani wote kwamba mwanawe yu hai.

Siku tatu zikapita. Hapakuwa na ujumbe mwingine. Alhamisi Dominika alibisha hodi kwa Munira, daftari mkononi.

"Karibu, Mama Kristiana. Mbona leo si siku ya somo?"

"Najua, Mwalimu. Nimeandika swali la kumwuliza muuguzi. Nataka liwe sahihi."

Alikuwa ameandika: Can you tell me when is the operation?

"Umejitahidi," alisema Munira. "Atakuelewa. Ila kuna neno limekaa mahali si pake. Sisi tunauliza, 'Upasuaji ni lini?' Tukitanguliza 'naomba uniambie', maneno hayahami: 'Naomba uniambie upasuaji ni lini.' Kiingereza yanahama. Ukiuliza moja kwa moja, sema, When is the operation? Lakini ukianza na can you tell me, swali umekwisha kuliuliza pale mwanzo. Nyuma yake maneno yanarudi kwenye mpangilio wa maelezo ya kawaida. Unataja jambo kwanza, is inafuata. Can you tell me when the operation is?"

Dominika akafuta, akaandika upya, akasoma kwa sauti. Kwa mara ya kwanza wiki ile alitabasamu.

"Na wao walikuandikia nini?" Munira aliuliza, akinyoosha mkono apewe simu.

Akasoma. Akasoma tena. Akailaza simu mezani, kioo chini.

"Kristiana yuko wapi?"

"Shuleni."

"Sogea ukae hapa karibu nami."

"Nimekosea tena, Mwalimu?"

Munira alimshika mkono. "Haya maneno, did not make it, hayatafsiriwi moja moja. Yanakwenda pamoja, kama nahau zetu. Sisi tukisema mtu amekata roho, je, alishika kisu?"

"Hapana," Dominika alijibu upesi, kama mwanafunzi darasani. Kisha akaitazama simu pale mezani.

"Mwalimu. Kwa nini umechagua mfano huo?"

"Isdori hakupona, mdogo wangu. Amefariki. Hiyo ndiyo maana ya maneno haya anapotajwa mgonjwa. Pole. Pole sana."

Dominika hakulia mara moja. Alihesabu kwa vidole. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. "Jana nilimpelekea blanketi," alisema. "Nilimpelekea blanketi kwa lori la tajiri wake." Ndipo kilio kikamtoka.

Mchana ule walikwenda wote wawili Kasense. Mzee Kasimiri alikuwa uani anapura ulezi. Alipowaona alitupa fimbo, akaja kuwapokea. Dominika alipiga magoti, akamwambia.

"Wewe ulisema hajapasuliwa," alisema mzee.

"Nilisoma vibaya, Baba. Sikumwuliza mtu."

Mzee hakumfokea. Alikaa juu ya gunia, akavua kofia. "Nilimshukuru Mungu mbele ya watu," alisema polepole, "na mwanangu yuko kwenye barafu peke yake." Dominika aliona afadhali angepigwa.

Jioni, huku wanawake wakiimba nyimbo za maombolezo, alimwomba Munira simu yake. Munira alitaka kumwandikia. Akakataa. Aliandika mwenyewe, machozi yakidondoka kwenye kioo: Could you please tell me where his body is?

Jibu lilikuja kabla ya giza. Mwili ulikuwa katika chumba cha maiti. Hospitali ilikuwa imeanza kujiuliza kama marehemu ana ndugu. Muuguzi alitaja karatasi zote zinazotakiwa. Munira alizifafanua moja baada ya nyingine. Ridhiwani, tajiri wa Isdori, alitoa gari, na Jumatatu iliyofuata Isdori alizikwa Kasense, kando ya kaburi la mama yake.

Baada ya arobaini Dominika alirudi darasani. Aliomba kusema, akawasimulia wenzake yote, bila kujificha.

Meshack, mnunuzi wa mahindi, akauliza, "Sasa mtu atajuaje kwamba hii ni nahau?"

"Ukitafsiri neno kwa neno na sentensi ikakaa upande, simama," alisema Munira. "Tafuta maana ya fungu zima la maneno. Muulize anayejua. Asipokuwepo, muulize aliyekuandikia: Could you please tell me what this means? Si what does this mean. Ukitanguliza could you tell me, ile does inaondoka."

"Mgonjwa hafanyi upasuaji," Dominika alisema. "Anayefanya ni daktari. Pale ndipo ningesimama. Lakini nilitaka sana iwe habari njema."

Wengine waliandika.

Mwezi huohuo Meshack alipata ujumbe wa mteja wa Zambia: The deal has fallen through. Lori lilikuwa linapakiwa. Alidhani mzigo umeanguka mahali. Badala ya kubahatisha, alikimbia kwa Munira. Kumbe mteja alikuwa amevunja makubaliano. Magunia yakashushwa palepale Sumbawanga, hayakwenda kuozea mpakani.

Mwishoni mwa Septemba bahasha ilifika kutoka hospitali, ina taarifa ya ugonjwa wa Isdori. Mzee Kasimiri aliishika kwa mikono miwili. Akamwita mkwe wake, si mtu mwingine.

"Nisomee. Nataka kujua mwanangu alikufaje."

Dominika alisoma mstari kwa mstari na kueleza kwa Kiswahili. Palipokuwa na maumivu alisema maumivu. Katikati ya ukurasa akasimama.

"Hapa sielewi, Baba. Maneno nayajua yote, lakini hayakai pamoja. Nitamwuliza Mwalimu kesho."

Mzee alimsogezea kalamu.

"Pawekee alama," alisema. "Nitasubiri."