Kidole cha Baba

Kila asubuhi msichana mmoja wa darasa la sita aliamka mdomo ukitangulia macho. Alipiga soga akitandika kitanda, akaendelea akisugua masufuria, na alipofika shuleni alikuwa ameshamaliza habari za nyumbani na kuanza za majirani. Ndiyo maana baba yake alimpa jina la Chiriku, na jina likamganda hata walimu wakalitumia. Baba huyo alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Jioni, akivua miwani yake myeusi ya kazi, alimwambia, "Chiriku, pumua kidogo, hakuna anayekufukuza." Kisha yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Haya, ikawaje?"

Sasa nyumba ilikuwa kimya. Baba alishikwa na homa ya mapafu akaidharau, akaendelea kufanya kazi huku anakohoa, mpaka siku moja akaanguka karakanani. Alilazwa hospitali kuu, katika chumba cha wagonjwa mahututi, na mashine ndiyo iliyompumulia. Chiriku aliosha vyombo, akaenda shule, na mchana akapitia hospitalini na sare yake. Alimkuta mama yake kwenye benchi la ukumbini, macho mekundu.

Chumba kile kilikuwa na utaratibu wake. Saa ya kuwaona wagonjwa, mtu mmoja tu wa familia aliruhusiwa kuingia, naye aliombwa azungumze na mgonjwa wake.

"Hata akiwa amelala hivi, huenda anasikia," muuguzi wa zamu alimweleza mama. "Tuleteeni sauti anayoipenda."

Mama hakufikiri mara mbili. "Nani mwingine kama si Chiriku? Mimi nikimwona tu nalia. Nenda mwanangu, kazungumze na baba yako."

Chiriku alinawa mikono, akavishwa joho la kijani lililomfika vifundoni, akaingia na habari tele kichwani. Alipofika kitandani habari zote zikayeyuka. Uso wa baba ulikuwa umevimba hata hakuutambua. Bomba lilimtoka mdomoni, na kifua kilipanda na kushuka kwa kufuata mlio wa mashine. Na mikono yake, ile mikono iliyozoea kuinua vyuma, ilikuwa imefungwa kwa vitambaa kwenye kingo za kitanda. Kwa nini wamemfunga? Amefanya kosa gani? Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia atakachokiona, na muuguzi alikuwa ameshageukia mgonjwa mwingine. Chiriku alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Alisimama pale mpaka akaambiwa muda umekwisha. Hata neno "baba" halikumtoka.

Nje mama alimdaka kwa maswali. "Umemwambia nini? Amekusikia?"

Chiriku aliutazama uso ule uliokonda kwa kukosa usingizi. Angemwambiaje kwamba alisimama ukutani kama fagio?

"Nimemwambia habari za shule," alisema. Kisha, kwa kuwa mama bado alikuwa anangoja, akaongeza, "Na... amesogeza kidole."

"Kidole?"

"Cha mkono wa kulia. Kidogo tu."

Mama alimkumbatia, akacheka na kulia kwa pamoja. Hakuwa amecheka tangu baba aanguke. Chiriku alijiambia kwamba uongo kama huo hauna ubaya, maadamu umempa mama raha.

Tatizo ni kwamba uongo ule haukutulia pale alipouweka. Kesho yake daktari alimketisha mama, akamweleza taratibu kwamba mapafu yanazidi kushindwa, na kama kuna ndugu wa karibu walio mbali, afadhali waitwe mapema. Huko mbali aliishi bibi, mama mzazi wa baba, safari ya siku nzima kwa basi. Mama alikuwa ameshaishika simu ili ampigie. Akairudisha mkobani.

"Daktari anasoma mashine," alimwambia Chiriku. "Wewe umeona kwa macho yako. Ya nini kumshtua mama mkwe, na presha yake ile? Atakuja baadaye, mwanawe akishaamka."

Chiriku alifungua mdomo ili aseme ukweli, akaufunga. Yeye, Chiriku, alikosa la kusema mara ya pili.

Siku hiyohiyo alikuja muuguzi mwingine, mama wa makamo mwenye viatu vya mpira na sauti ya chini. Huyu hakuwa anachoma sindano wala kugawa dawa. Kazi yake ilikuwa utafiti: aliwauliza wagonjwa waliopona, na jamaa za waliolazwa, mambo wanayoyapitia katika chumba kile, ili wauguzi wajifunze kuwahudumia vizuri zaidi. Mama alikubali kuulizwa, akakubali na Chiriku aulizwe.

Walikaa wawili katika chumba kidogo chenye viti na dirisha lililotazama uani.

"Shikamoo," Chiriku alisema.

"Marahaba, mwanangu. Ukichoka, tunaacha. Ukiona swali hulitaki, unaliruka. Na utakayoniambia sitayapeleka kwa mtu kwa jina lako."

"Hata kwa mama?"

"Hata kwa mama. Ila nikiona uko hatarini, hapo nitatafuta msaada, na nitakuambia kwanza." Muuguzi akatabasamu kidogo. "Nina ombi moja. Watu wengi nikiwauliza hali ikoje, hunijibu 'tunashukuru.' Wanaogopa kutuudhi. Sasa mimi na hiyo 'tunashukuru' nitajifunza nini? Niambie ukweli. Ulipoingia mle ndani, kitu gani kilikuwa kigumu?"

Basi kizibo kikafyatuka. Chiriku alisema juu ya bomba, juu ya uso usiotambulika, na juu ya mikono iliyofungwa kama ya mwizi. Alisema alivyoganda ukutani. Mwisho, kwa sauti iliyokuwa ikikatika, akasema juu ya kidole ambacho hakikusogea kamwe.

Muuguzi alimwacha alie. Kisha akasema, "Vile vitambaa vinamlinda. Mgonjwa akiwa usingizini anaweza kulichomoa bomba bila kujua. Ilitupasa tukuambie kabla hujaingia. Kosa hilo ni letu, na nitaliandika. Na kuganda kwa hofu si dhambi. Watu wazima wanaganda kila siku."

"Na kidole?"

"Kuhusu kidole, wewe unasemaje?"

Chiriku alijifuta pua kwa mkono wa sare. "Mama hajampigia bibi. Kwa ajili ya kidole changu. Mwambie wewe, tafadhali."

"Nimekuahidi sitasema, na ahadi yangu haina mlango wa nyuma," muuguzi alijibu. "Hilo ni lako kulisema. Lakini nitakaa nawe kwenye benchi, ukitaka."

Wakatoka. Mama aliwasogezea nafasi. Chiriku alitazama sakafu, akasema mara moja, bila pambo, "Mama, baba hakusogeza kidole. Sikumwambia kitu. Niliogopa, nikakudanganya."

Mama alimtazama kama hajasikia. "Kumbe?" alinong'ona. Akasimama, akaenda mpaka mwisho wa ukumbi, akabaki huko ameuelekea ukuta, mabega yakitikisika. Chiriku alidhani hatarudi kukaa karibu naye tena. Alirudi, lakini hakumkumbatia. Alitoa simu mkobani, akampigia bibi. "Mama," alisema simuni, "njoo. Njoo kesho, usingoje keshokutwa."

Bibi alifika jioni iliyofuata, vumbi la safari bado liko miguuni. Muuguzi wa zamu aliulegeza utaratibu, akawaruhusu wote watatu. Ila kabla ya kufungua mlango alichutama mbele ya Chiriku, akamweleza kila kitu: bomba ni la nini, mlio ni wa nini, vitambaa ni vya nini, na baba atakavyoonekana. Walipoingia, akavifungua vile vitambaa mwenyewe, kwa kuwa sasa mikono ya baba ilikuwa na watu wa kuishika.

Bibi alishika mkono mmoja, akamwita mwanawe kwa jina la utotoni. Chiriku alishika wa pili. Safari hii maneno yalikuja. Alimweleza baba juu ya geti la jirani linalolia kwa kukosa grisi, na mwalimu wa hesabu aliyevaa soksi za rangi mbili. Alipomaliza moja, alijiuliza mwenyewe, "Haya, ikawaje?" akaendelea. Baba hakusogea hata kidogo. Jua lilipokuwa linazama, daktari alikuja akawaambia kwamba moyo umesimama.

Wiki za maombolezo zilipopita, mama alikwenda kuzungumza na yule mtafiti kwa zamu yake. Alirudi na habari kwamba sasa hakuna mtoto anayeingia chumba kile kabla muuguzi hajamwandaa. Chiriku alisikia, lakini hakufurahi. Alikuwa amekuwa mtu wa maneno machache, na kila alipomwona bibi alitafuta kazi ya kufanya uani.

Siku moja bibi alimfuata hukohuko. "Unanikimbia, mjukuu wangu?"

"Nusura nikucheleweshe, bibi."

"Mama yako amenieleza yote. Ulitaka kumfurahisha. Ubaya ni kwamba furaha ile haikuwa ya kweli, na sisi wakubwa tulikuwa tunaifuata kama vipofu." Bibi aliketi kwa shida kando yake. "Sikiliza. Ukweli wako haukumponya baba yako. Usije ukadhani ukweli unaponya kila kitu. Lakini mimi nilimpokea mwanangu duniani kwa mikono hii, na nikamuaga kwa mikono hiihii, bado ana joto. Ungenyamaza siku moja zaidi, ningelikuta kaburi. Ukikosea tena, na utakosea, usingoje. Sema palepale, hata kama sauti inatetemeka."

Chiriku alilaza kichwa mapajani mwa bibi, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu mazishi.