Mlango Nyuma ya Sikio

Ilikuwa Jumamosi ya tarehe tisa mwezi wa nane, saa nane na robo mchana, dada mtu alipochovya brashi yake na kuziba sehemu ambayo siku zote alikuwa akiiacha wazi. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kabla ya hapo siku ilikuwa kama siku nyingine, na ni vyema tuianze kwa utaratibu wake.

Majirani walimwita Mpambaji, kwa kuwa aliishi kwa kuwapamba maharusi. Alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, mcha Mungu, asiyevuka kizingiti chake asubuhi bila kusali. Wazazi wao walipofariki alibaki na mdogo wake mmoja tu, kitinda mimba, akamlea mpaka akaota ndevu. Huyo mdogo wake walimwita Jiwe. Si kwamba alikuwa na moyo mgumu. Kijana alikuwa mcheshi kupita kiasi, hata msibani ilibidi afinywe ili anyamaze. Lakini akishasimama kazini, nzi alitembea juu ya mdomo wake kama anatembea ukutani.

Kazi yenyewe ilikuwa hiyo, kusimama. Jiwe alikuwa sanamu hai. Wenye maduka ya nguo wakileta mitindo mipya walimvalisha suti, akapakwa rangi ya kijivu kuanzia nywele hadi kucha, akawekwa dirishani katikati ya midoli, zile sanamu za kuvalishia nguo. Watu waliokuwa nje walitakiwa kubashiri nani kati yao anapumua. Aliyepatia alizawadiwa shati.

Kumpaka rangi ilikuwa kazi ya dada yake, na kumtoa pia. Mtu aliyesimama hivyo mchana mzima hashtuliwi ovyo. Mpambaji alimgusa kifundo cha mkono, akamwita kwa sauti ndogo jina la nyumbani alilopewa na mama yao. Ndipo Jiwe alipovuta pumzi ndefu na kurudi.

Fundi aliyemfundisha kazi alikuwa amewaachia sharti moja. Usimpake mtu mwili mzima. Acha sehemu ndogo nyuma ya sikio la kushoto, pana kama ukucha, ngozi ibaki ngozi. "Huo ndio mlango wake," fundi alisema. "Kaingilia hapo, atatokea hapo." Mpambaji hakupenda maneno ya namna hiyo, yalinuka uganga. Alijiambia kwamba maana yake ni ngozi ipate hewa. Hata hivyo aliiacha kila siku, mpaka mkono wake ukazoea kuiruka bila yeye kufikiri.

Duka la siku hiyo lilikuwa geni kwao. Meneja wake alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, na hakuitikia salamu.

"Mpaka rangi ni wewe?"

"Ni mimi, dada. Habari za asubuhi?"

"Utaanza na hawa wangu." Alielekeza kidole kwenye midoli mitatu iliyosimama kwenye chumba cha kioo kinachotazama barabara. "Wawe rangi moja na huyo wako. Sitaki mtu awatofautishe."

Midoli ya maduka mengi hufanana sura. Hii haikufanana. Mmoja ulikuwa na kovu kwenye nyusi. Mwingine pua ilipinda kidogo. Wa tatu, mrefu kama Jiwe, ulikuwa na sura laini isiyo na chochote, kama uso unaosubiri kuchorwa.

"Dada, mwone huyu wa pua," Jiwe alinong'ona. "Kama aliitwa chakula kikiwa bado mdomoni."

"Nyamaza, tutafukuzwa."

Jiwe hakunyamaza. Alimwuliza meneja midoli mizuri hivyo inanunuliwa wapi.

"Hawanunuliwi," meneja alisema. "Hawali, hawaendi chooni, hawaulizi maswali. Jifunze kwao."

Mpambaji alipaka, huku akisali kimoyomoyo kama alivyozoea. Alipomaliza mdoli ule mrefu, Jiwe alizunguka nyuma yake akaangua kicheko.

"Dada! Umempa mdoli mlango! Sasa huyu akitoka ataenda wapi?"

Ni kweli. Mkono ulikuwa umeruka wenyewe. Nyuma ya sikio la kushoto la mdoli ilibaki sehemu pana kama ukucha, isiyo na rangi. Mpambaji naye alicheka, akasema ataziba mwishoni, kisha akaanza kumpaka mdogo wake.

Mchana meneja alikuja kukagua. Nyuma ya midoli alikuwa ameweka kioo kikubwa cha kujitazamia, ili wapita njia waone suti hata mgongoni. Alisimama nyuma ya Jiwe. Akaweka kidole gumba juu ya ile ngozi iliyo wazi, akakiacha hapo kwa muda. Jiwe alisisimka mwili mzima.

"Hapa umesahau."

"Sijasahau, dada. Ndiyo kawaida yetu."

"Kawaida zenu mzifanyie kwenu. Ziba. Au mkusanye vitu vyenu sasa hivi, na mjini hapa hakuna dirisha litakalomsimamisha tena."

Mpambaji alimtazama mdogo wake usoni. Jiwe alikwisha kuanza kutulia, macho yakienda mbali.

"Ziba tu, dada," alisema bila kufungua midomo. "Tumalize, twende nyumbani."

Ilikuwa saa nane na robo. Alichovya brashi, akaziba.

Kisha akakumbuka mdoli, akageuka amalizie. Meneja alilishika bakuli la rangi.

"Huyo mwache."

Meneja akamtoa nje ya chumba cha kioo, akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni.

Watu walijaa barabarani. Na watu wakiambiwa mtu fulani haruhusiwi kujibu, hutoa yote waliyo nayo.

"We wa kijivu, mkeo kahamia kwetu!"

"Huyo wa pua ndiye mtu! Mwangalieni, ana njaa!"

"Mama yako alizaa kabati!"

Wakacheka. Mmoja alipiga kioo kwa ngumi. Mwingine alitema mate, yakateremka usawa wa uso wa Jiwe. Mpambaji alikuwa amezoea. Alisimama nje, pembeni mwa umati, akamtazama mdogo wake kama mama anavyomtazama mtoto anayeoga mtoni.

Jiwe alikuwa na ujanja wake. Alipepesa macho pale tu mtazamaji anapopepesa, basi hakuna aliyemwona. Dada yake peke yake aliujua ujanja huo, na kwa huo alijua kwamba yuko salama. Sasa alisubiri apepese. Akasubiri.

Hakupepesa.

Alirudi ndani ya duka akimtafuta meneja. Alimkuta akikunja mashati.

"Dada, nifungulie. Mdogo wangu hapepesi macho."

"Ndiyo kazi yake."

"Nakuomba kwa jina la Mungu."

"Muda wake bado."

Kupitia mlango wa kioo, ulio pembeni mwa kile kioo kikubwa, Mpambaji aliwaona kwa mgongo. Nyuma ya sikio la Jiwe palikuwa pakavu, pa kijivu, pamefungika sawasawa. Akatazama mdoli mrefu. Pale alipoacha bila rangi palikuwa panang'aa. Tone moja lilitokeza. Likateremka shingoni taratibu, likaingia kwenye kola ya suti.

Jasho.

Nje watu walianza kupiga kelele za namna nyingine.

"Ni yule! Yule mrefu wa kulia!"

"Kapepesa! Nimemwona kwa macho yangu!"

"Anataka kucheka, mwoneni mdomo!"

Jiwe alikuwa amesimama kushoto.

Mchukuzi mmoja wa mizigo alishangilia kuliko wote. Meneja alitoka, akaenda hadi kwake, akamkabidhi shati. "Umepatia," alimwambia. Watu wakapiga makofi. Aliporudi ndani alimkuta Mpambaji anatikisa kitasa kwa mikono miwili.

"Umesikia? Kapatia," alisema, na sasa alikuwa anatabasamu. Akafungua. "Nenda kamtoe wako."

Mpambaji alimkimbilia mdogo wake. Akamgusa kifundo cha mkono. Hapakuwa na joto. Akamwita jina la nyumbani. Akaugonga mkono kidogo, kwa vidole. Ulilia kama debe tupu.

Akaita tena. Kwa sauti kubwa sasa.

"Dada."

Sauti ilitoka nyuma yake. Ndogo. Ya mtu anayeogopa kufukuzwa.

Aligeuka. Mdoli mrefu ulikuwa unatazama mbele, midomo imefungwa. Rangi tu ilikuwa imepasuka pembeni mwa mdomo, mahali pale ambapo uso wa mtu hukunjika akitaka kulia. Na ile sura laini haikuwa tupu tena. Mpambaji aliyajua mashavu yale. Ndiye aliyeyaosha tangu yakiwa ya mtoto.

Alinyoosha mkono. Meneja aliwahi. Alitumbukiza kidole gumba kwenye bakuli la rangi, akakipitisha nyuma ya sikio la mdoli, mara moja, kama anafuta vumbi.

"Sasa yuko sawa," alinong'ona.

Nyuma yao Jiwe alianguka. Alianguka mzima mzima, bila kukunja goti.

Watu waliingia, wengine wakipiga picha. Mpambaji alipiga yowe, akaonyesha mdoli, akasema mdogo wangu yumo humu, mfungulieni. Walimshika mikono, wakamwambia pole mama, tulia, ni mshtuko. Wafanyakazi wa duka walifunika mdoli kwa shuka na kuubeba. Alimsikia mmoja wao akihema.

"Mbona leo mzito hivi?"

"Beba," meneja alisema.

Daktari aliandika kwamba moyo ulisimama. Walioosha mwili walirudia sabuni mara nyingi, na rangi haikutoka. Waliponyanyua mwili walitazamana, kwa kuwa waliweka nguvu ya kubeba mwanamume na mikono yao ikapaa. Makaburini pia, waliobeba jeneza hawakubadilishana zamu. Hakuna aliyechoka.

Polisi walikwenda dukani baada ya maziko, Mpambaji akiwaongoza. Lilikuwa tupu. Mwenye jengo alisema wapangaji wamehama, hawakuacha anwani. Chumba cha kioo kilikuwa kimefagiliwa, hakina hata uzi. Polisi walimpa pole, wakaondoka, naye akabaki barabarani peke yake kwenye jua kali.

Hapo ndipo alipoliona. Kwenye kioo cha mbele, kwa upande wa ndani, usawa wa mdomo wa mtu mrefu, palikuwa na ukungu. Duara dogo, kama la pumzi. Lilipanuka polepole. Likafifia. Likapanuka tena. Alilifuta kwa kanga yake, lakini alikuwa upande wa nje. Aliweka kiganja hapo mpaka jioni, na kilichokuwa upande wa pili hakikupumzika.

Bado lipo. Mpangaji mpya amebadilisha kioo, na limerudi.

Usiku na asubuhi Mpambaji hupiga goti kumwombea mdogo wake, na kila mara hukwama palepale. Huanza kama alivyofundishwa, halafu huendelea kwa maneno yake mwenyewe, nasi tuitikie pamoja naye. Ee Mungu, warehemu marehemu wetu wote, uwape pumziko na mwanga usiozimika. Na huyu wangu niliyemzika, kama yuko kwako, mlaze pema. Na kama hayuko kwako, Baba, popote walipomsimamisha, mguse mkono, umwite jina lake. Amina.